Usawa kazini usiishie mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo nililoliishi kwa zaidi ya miaka ishirini nikiwa afisa utumishi, na ambalo husemwa nusunusu kila mjadala wa usawa katika ajira unapoibuka. Wasemaji wengi huhesabu vichwa: wameajiriwa wanawake wangapi, watu wenye ulemavu wangapi, vijana wangapi, watu wa kabila au dini fulani wangapi. Hesabu hiyo ina kazi yake na siibezi. Lakini watu wawili wanaweza kuingia katika ofisi moja siku moja, wakapewa vitambulisho vya rangi moja, wakafanya kazi bega kwa bega kwa miaka kumi na mitano, na siku ya kuondoka mmoja akatoka na pensheni na kadi ya matibabu, mwingine akatoka na barua ya shukrani. Orodha ya vichwa itaonyesha kwamba wote wawili waliajiriwa, na kwa orodha hiyo mwajiri atasifiwa.

Ninachotaka kusema ni kwamba sehemu kubwa ya ubaguzi wa siku hizi haihitaji mtu wa kumwambia mwombaji kazi kuwa hatakiwi. Imejificha ndani ya masharti ya mkataba, katika vifungu vinavyosomeka kana kwamba havimlengi mtu yeyote, na madhara yake huonekana kwenye mafao: pensheni, kiinua mgongo, bima ya afya, likizo yenye malipo, mafunzo na nafasi za kupanda cheo. Tukiendelea kupima usawa kwa kutazama mlango wa kuingilia peke yake, hatutauona ubaguzi huu hata ukiwa mbele ya macho yetu.

Waliotunga misingi ya kimataifa ya kazi waliliona jambo hili mapema. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1951 kuhusu malipo sawa kwa wanaume na wanawake wafanyao kazi yenye thamani sawa, haukuishia kwenye mshahara. Ulieleza kwamba malipo ni mshahara wa kawaida pamoja na nyongeza nyingine yoyote, iwe ya fedha taslimu au ya vitu, ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kutokana na ajira yake, moja kwa moja au kwa njia nyingine. Miaka saba baadaye Mkataba Na. 111 ulikataza ubaguzi wa rangi, asili, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, taifa la mtu alikotoka na hali yake katika jamii, ukafafanua kwamba ajira ni pamoja na kuyafikia mafunzo ya ufundi, kuipata kazi yenyewe na masharti ya kuifanya. Kwa hiyo anayedai kwamba mafao ni hisani ya mwajiri, anayoweza kumpa amtakaye na kumnyima amtakaye, anabishana na misingi iliyowekwa zaidi ya miaka sitini iliyopita.

Nimewahi kuulizwa mara nyingi jinsi sharti lisilomtaja mtu linavyoweza kumbagua mtu, na mfano ninaopenda kuutoa ni wa mama mmoja wa iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Karin Weber von Hartz aliajiriwa mwaka 1961 kuwa muuzaji katika kampuni ya maduka makubwa iliyoitwa Bilka. Alianza kwa kufanya kazi siku nzima. Oktoba 1972 akahamia kazi ya saa pungufu, na mwaka 1976 ajira yake ikafikia mwisho. Kampuni ilikuwa na mpango wake wa pensheni, na mpango huo haukuwafungia nje kabisa wafanyakazi wa saa pungufu: uliwataka tu wawe wamefanya kazi ya siku nzima kwa miaka isiyopungua 15 ndani ya kipindi cha miaka 20. Mama huyu alikuwa ameitumikia kampuni kwa takriban miaka 15, lakini karibu minne ya mwisho ilikuwa ya saa pungufu, basi akakosa. Ukilisoma sharti lile kwa haraka huoni mwanamke wala mwanamume ndani yake. Ukiuliza ni nani hasa waliokuwa wakilazimika kupunguza saa za kazi ili walee watoto na kuhudumia wagonjwa wa nyumbani, unaona mara moja lilikuwa linamwangukia nani.

Kesi yake ilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, nayo ikatoa hukumu tarehe 13 Mei 1986. Ilisema kwamba kuwanyima pensheni wafanyakazi wa saa pungufu, pale ambapo jambo hilo linawaumiza wanawake wengi zaidi kuliko wanaume, ni kuvunja kanuni ya malipo sawa, isipokuwa mwajiri athibitishe kwamba ana sababu zisizohusiana kabisa na jinsia: kwamba sharti lake linajibu hitaji la kweli la shughuli zake, linafaa kutimiza hitaji hilo, na hakuna namna ya kulikwepa. Nimeirudia hukumu hii mara nyingi kwa sababu inahamisha mzigo. Mfanyakazi haombwi athibitishe kwamba mwajiri ana chuki moyoni. Mwajiri ndiye anayetakiwa aeleze sharti lake ni la kazi gani.

Laiti swali hilo lingeulizwa mezani kwangu mapema. Katika taasisi moja niliyoitumikia, ambayo sina haja ya kuitaja, palikuwa na mama mfanya usafi aliyekuwa akipewa mkataba wa miezi kumi na mmoja. Mkataba ukiisha anakaa nyumbani mwezi mmoja, kisha anapewa mwingine wa miezi kumi na mmoja. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka kumi na miwili. Kanuni zetu zilisema kwamba kiinua mgongo, bima ya afya na likizo yenye malipo ni kwa aliyetimiza miezi kumi na miwili mfululizo, na yeye hakuwahi kuitimiza hata mara moja, kwa sababu hatukumruhusu aitimize. Barua zile za mkataba nilikuwa nikiziandaa mimi. Siku alipokuja kuuliza mafao yake nilimfungulia jalada nikamsomea kanuni, na kanuni ilikuwa upande wangu kwa kila neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, miaka yote hii mimi sikuwa mfanyakazi?" Sikuwa na jibu wakati ule, na bado sijalipata.

Nilipotulia nikayapitia majalada yote ya mikataba ya miezi kumi na mmoja. Wafanya usafi, wapishi, walinzi wa usiku, watunza bustani: wengi wao wanawake, wengi wao watu wasio na ndugu mwenye jina wala elimu ya juu, na wawili kati yao walikuwa watu wenye ulemavu ambao taasisi ilikuwa ikiwahesabu kila mwaka katika taarifa yake ya usawa. Hakuna mtu aliyekaa akapanga kuwabagua. Sharti lilirithiwa kutoka kwa uongozi uliotangulia, na kila aliyelikuta aliliacha lilivyo. Ndiyo maana siridhiki na mijadala inayotafuta mbaguzi mwenye sura na jina, kwani mara nyingi hutampata, ilhali mtu aliyeumia yupo mbele yako.

Yapo pia masharti ya elimu na mitihani. Katika kiwanda cha umeme cha kampuni ya Duke Power, jimbo la North Carolina nchini Marekani, wafanyakazi weusi walikuwa wamewekwa katika idara moja tu, ya vibarua, ambako kazi yenye malipo ya juu kabisa ililipa chini ya kazi ya malipo ya chini kabisa katika idara nyingine. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilipoanza kutumika kwa waajiri mwaka 1965, kampuni haikuweza tena kuwazuia kwa rangi. Ilibaki na sharti la cheti cha sekondari na ikaongeza mitihani ya majaribio. Sensa ya mwaka 1960 ilikuwa imeonyesha kwamba katika jimbo hilo wanaume weupe waliomaliza sekondari walikuwa asilimia 34 na wanaume weusi asilimia 12 tu. Tena walikuwepo wafanyakazi weupe wasio na cheti, walioajiriwa kabla ya sharti hilo, ambao waliendelea kufanya kazi zilezile vizuri. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1971, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba kipimo kinachowafungia watu wa kundi fulani na ambacho hakina uhusiano na uwezo wa kuifanya kazi hakikubaliki, hata kama aliyekiweka hakuwa na nia mbaya. Nataka niwe mwangalifu hapa: sisemi kwamba vyeti havina maana. Daktari lazima awe amesomea udaktari. Ninachokataa ni cheti kinachodaiwa kwa dereva aliyeendesha gari miaka kumi bila ajali pale tu anapoomba kupandishwa kuwa msimamizi wa madereva wenzake.

Kuhusu likizo ya uzazi nina ugomvi hata na baadhi ya watetezi wa usawa ninaowaheshimu. Wao hudai likizo iwe ndefu, na wana haki, lakini hawaulizi nani anailipa. Sheria ikimbebesha mwajiri mmoja mmoja gharama yote ya mfanyakazi wake aliyejifungua, kila msichana anayeingia kwenye chumba cha usaili anaonekana kama deni linalosubiri tarehe. Nimekaa kwenye meza za usaili, nimesikia wenzangu wakinong'ona, "Huyu ameolewa juzi." Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka likizo isiyopungua wiki 14 na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya kipato cha awali pale yanapokokotolewa kwa kipato hicho, na wakati huohuo unataka malipo hayo yatoke katika bima ya jamii ya lazima au fedha za umma, ili kulinda nafasi ya wanawake katika soko la ajira. Kifungu hicho cha pili hakitajwi mara nyingi, nami nakiona ndicho chenye nguvu zaidi. Gharama ya uzazi ikibebwa na wote, waajiri na wafanyakazi, wanaume na wanawake, mwajiri hapati faida yoyote kwa kumkwepa mwanamke. Ikibebwa na mmoja, haki tuliyompa mwanamke kwa mkono huu inamnyima kazi kwa mkono mwingine.

Wapo watakaosema kwamba mafao hupangwa kwa hesabu, na hesabu haina upendeleo: wanawake huishi muda mrefu zaidi kuliko wanaume, kwa hiyo pensheni yao ni ghali zaidi. Idara ya maji na umeme ya jiji la Los Angeles iliwahi kufuata hesabu hiyo, ikawakata wanawake michango ya pensheni iliyozidi ya wanaume kwa asilimia 14.84, hata mwanamke akawa anakwenda nyumbani na mshahara mdogo kuliko mwanamume wa cheo na mshahara uleule. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa utaratibu huo mwaka 1978. Wastani wa kundi ni kweli ya kundi. Mwanamke mmoja mmoja hajui ataishi miaka mingapi, na hapaswi kutozwa kwa sababu ya urefu wa maisha ya wanawake wengine.

Kwa watu wenye ulemavu kikwazo huwa zaidi kwenye mafunzo kuliko kwenye mshahara. Nilifanya kazi na kijana asiyeona aliyeajiriwa kwa sifa zake, akitumia programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti, na kazi yake ilikuwa safi. Kila mwaka palikuwa na mafunzo ya siku tano, na vyeti vya mafunzo hayo ndivyo vilivyohesabiwa wakati wa kupandisha vyeo. Makabrasha yaliandaliwa kwa karatasi tu. Aliomba mara tatu apewe nakala ya kielektroniki, akajibiwa kwamba mkufunzi hana. Baada ya miaka sita alikuwa katika daraja lilelile aliloanzia, huku wale aliowafundisha kazi wakimpita. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Ibara ya 27, unakataza ubaguzi katika hatua zote za ajira, kuanzia kutafuta kazi na kuajiriwa hadi kubaki kazini na kupanda ngazi, na unadai marekebisho yanayofaa sehemu ya kazi. Nakala moja ya kielektroniki haingegharimu kitu. Tulimwajiri, tukampiga naye picha, kisha tukamwacha hapohapo.

Halafu kuna wale ambao sheria zenyewe ziliwaweka nje. Marekani ilipoanzisha mfumo wake wa hifadhi ya jamii mwaka 1935, iliwaacha wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi ambazo wakati huo zilifanywa na sehemu kubwa sana ya wafanyakazi weusi, na haikuanza kuwaingiza mpaka marekebisho ya mwaka 1950. Kwa ngazi ya kimataifa, mkataba mahususi kwa wafanyakazi wa majumbani, Na. 189, ulipitishwa mwaka 2011 tu. Mtu anayelea watoto wa afisa, akapika, akafua na kulala nyumba hiyohiyo ili afisa apate kwenda kazini na kujijengea pensheni, naye ni mfanyakazi. Nawaomba maafisa wenzangu wanaodai usawa maofisini waanze na mtu huyo.

Kinacholinda mambo haya yote ni usiri. Lilly Ledbetter alianza kazi mwaka 1979 katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Alabama, Marekani, na alipokaribia kustaafu mwaka 1998 mtu asiyejulikana akamwachia kikaratasi kilichoonyesha mshahara wake na mishahara ya wanaume wenye cheo kama chake. Wote walimzidi. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema amechelewa kulalamika. Sheria ilibadilishwa mwaka 2009 na ikapewa jina lake, ila yeye hakulipwa chochote. Pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara, kwa hiyo pengo lile lilimfuata hata baada ya kuacha kazi. Mtu atalalamika vipi ndani ya muda uliowekwa kuhusu jambo alilofichwa kwa karibu miaka ishirini?

Kwa sababu hiyo napendekeza kila mwajiri mwenye wafanyakazi wengi atakiwe kutoa hadharani, kila mwaka, jedwali la mafao: kwa kila aina ya mkataba aonyeshe ni watu wangapi wana pensheni, bima ya afya, likizo yenye malipo na mafunzo, na kati yao wanawake ni wangapi, wanaume wangapi, wenye ulemavu wangapi, bila kutaja jina la mtu. Kazi hiyo si kubwa. Takwimu zote zimo katika orodha ya mishahara, nami najua kwa kuwa nimeziandaa. Wafanyakazi wa saa pungufu na wa mikataba ya muda wapewe mafao kwa uwiano wa kazi wanayofanya, Mkataba Na. 175 wa mwaka 1994, unaohusu kazi za saa pungufu, ulishaonyesha njia hiyo. Na mkataba unaokatwa mwezi mmoja na kuanza upya uhesabiwe kuwa ni ajira moja inayoendelea. Vyama vya wafanyakazi navyo vina deni hapa, maana vingi huwasemea wanachama wenye ajira za kudumu na kuwaacha vibarua ambao michango yao ya chama haijawahi hata kuombwa.

Najua waajiri wadogo watalalamikia gharama, na si wote wanaosingizia. Mwenye wafanyakazi watatu hawezi kubeba peke yake yale yanayobebwa na mwenye elfu tatu. Jibu la hilo ni mfuko wa pamoja unaochangiwa kulingana na uwezo. Haiwi jibu kumwambia mfanya usafi kwamba ugonjwa wake ni wake.

Ndugu Mhariri, ombi langu la mwisho ni kwa gazeti lako. Huwa mnachapisha habari za taasisi zinazotunukiwa kwa kuajiri wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na picha za viongozi wake wakipokea ngao. Safari ijayo mwandishi wenu anapokuwa pale, baada ya kuambiwa idadi ya walioajiriwa, naomba amuulize kiongozi huyo wangapi kati yao wana mikataba ya miezi kumi na mmoja, na ayachapishe majibu yake pamoja na picha.

Wako,
Afisa Utumishi Mstaafu